Wimbo wa Saba

Albamu ya Musyimi ilipofika Kyuso, mama yake ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho sokoni kuisikiliza, na hata yeye hakuitafuta. Ilipenya ukutani ikamkuta kwenye cherehani.

Jina lake Ndunge. Alikuwa fundi wa nguo, na kwaya tatu za hapo zilivaa kazi ya mikono yake. Alikuwa pia kiongozi wa maombi ya akina mama kanisani, mtu wa kuamka na zaburi. Musyimi, mwanawe wa pekee, alihamia mji wa Wote, kule Makueni, akawa mwimbaji wa rap. Mama na mwana hawakuwa wamesemezana kwa miaka miwili.

Chanzo kilikuwa mazishi. Nzuki, mume wa Ndunge, alianguka shambani akivuna ndengu, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Musyimi alipigiwa simu, akasema atakuja. Siku ya kuzika, ibada ilicheleweshwa saa mbili nzima ikimngoja. Hakutokea. Simu yake ilikuwa imezimwa. Jeneza likateremshwa na vijana wa majirani, na jioni hiyo, viatu vikiwa bado na udongo, Ndunge alimtumia mwanawe ujumbe wa sauti. Musyimi hakujibu.

Sasa Halima, mwenye duka la leso na mabuibui lililopakana na lake, alikuwa na spika ndogo, na wiki hizo ikawa inacheza sauti ya Musyimi kutwa. Nyimbo kumi, na hakuna uliofanana na mwenzake. Wa kwanza ulikuwa na gita la Kikamba la zamani, lile la kulia juu juu, na Muindi, dalali wa mbuzi, alisimama mlangoni akiusikiliza mpaka mnunuzi wake akaondoka. Wa tatu ulikuwa wa kasi, Sheng tupu, wimbo wa vijana wa bodaboda. Wa tano ulipigiwa dufu.

"Mama Musyimi, huyu mtoto dufu amelitoa wapi?" Halima aliuliza.

"Si kwenu? Harusi za binti zako zote alikuwa amekaa hapo nyuma akila pilau."

Wa sita uliimbwa kwa sauti nne kama kwaya. Muthoki, mke wa mchungaji, alikuja kupimwa gauni siku hiyo, akasema rap ni uchafu, na huku mguu wake unafuata mdundo. Ndunge aliona, akainama kwenye kitambaa ili tabasamu lisionekane. Mzee, kijana, Mwislamu, mlokole, kila mtu alikuta pahali pake mle ndani. Akajikuta anakata nguo polepole, anasubiri. Kama mtoto amewakumbuka wote hawa, hata dalali wa mbuzi, basi na mama yake yumo.

Ila Halima, wimbo wa sita ukiisha, alikuwa hakosi kuinuka akaianza albamu upya. Ndunge alidhani ni mazoea tu.

Adhuhuri moja Halima alikwenda kuswali akaiacha spika ikiendelea. Wa sita ukaisha. Kukawa kimya kidogo, kisha mwanamke akasema, sauti imekauka kwa kulia:

"Baba yako tumemzika na watu wa kuazima. Kaa huko huko. Usinipigie. Mimi nimezoea."

Ngoma ikaingia. Nje, vijana wa bodaboda wakaitikia kwa pamoja, "Mimi nimezoea!" wakacheka. Neno hilo walikuwa nalo wiki nzima pale steji. Abiria akisema mvua imekataa, wanamjibu, nimezoea. Ndunge alikuwa amelisikia, na hata mara moja alilicheka.

Alizima cherehani. Halima aliporudi alimkuta amekaa, mikono magotini.

"Ulijua," Ndunge akasema.

"Nilijua sauti yako siku ya kwanza. Ningekwambiaje?"

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa limeshajua. Muthoki alimshika mkono nje ya mlango, akaongea kwa upole. "Dada, wazee wameonelea upumzike kidogo kuongoza maombi. Watoto wanakuigiza ukisimama. Si vibaya, ni kupumzika tu."

Jumatatu Ndunge alifunga duka akaenda Wote. Alimkuta mwanawe katika studio yake, chumba kimoja kilichopigiliwa magodoro ukutani. Alikuwa amekonda, na amefuga ndevu kama za baba yake.

"Mwaitu, mama yangu," Musyimi akasema, akainuka. "Karibu. Kaa."

"Sikuja kukaa. Toa ile sauti yangu."

"Haitoki. Iko kwa simu za watu tayari."

"Umeniuza, Musyimi. Mimi nilikuwa nalia, na wewe ukanipigia ngoma."

"Ni wewe uliyenitumia."

"Nilikutumia wewe. Sikutumia soko."

Musyimi akaketi tena. "Siku ya mazishi nilifika hadi Mwingi, njiani kuja nyumbani. Nilishuka pale na suti yangu kwa mfuko. Nikakaa mpaka jioni, nikarudi."

"Kwa nini?"

"Baba aliniambia hata akifa nisije. Nilipoacha chuo. Akasema mkono wangu usishike udongo wake. Nikaona nikija naharibu, nisipokuja naharibu. Halafu nikafungua simu, nikakuta na wewe umesema hivyo hivyo. Nyinyi wawili mliniambia neno moja. La baba sikuwa nimelirekodi."

Ndunge hakulijua hilo. Nzuki hakuwahi kumwambia. Miaka miwili alikuwa amemlilia mtu mpole, kumbe kulikuwa na mlango alioufunga bila kumwonyesha. Alitaka kusema, nisamehe, sikujua. Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi. Lakini pale mezani, mbele ya kijana, palikuwa na maikrofoni imesimama, na Ndunge akajikuta anaitazama.

"Imezimwa, mwaitu," Musyimi akasema.

"Nitajuaje?"

Uso wa kijana ulibadilika, ukafungika kabisa. Ndunge alichukua kikoba chake. Walisindikizana hadi barabarani, na gari lilipokuja, Musyimi alimfungulia mlango kama mtu anavyomfungulia mgeni.

Hiyo ni zaidi ya mwaka sasa. Albamu ilimfikisha Musyimi mbali. Redioni walisema uzuri wake ni kwamba haina rangi moja, na wote walioulizwa walitaja wimbo wa saba. Ndunge bado anashona. Maombi ya akina mama yanaongozwa na mwingine, na kule kupumzika kidogo hakuna aliyekutaja tena. Watu wasiomjua wakija kushonesha, yeye huwapima kwa ishara na kusema machache, maana kuna waliokwisha kuinua kichwa ghafla waliposikia sauti yake.

Na Musyimi huandikiana naye. Kupiga simu hawapigi. Mwisho wa mwezi mmoja wao huuliza, "Uko salama?" Na mwingine hujibu, "Niko." Mara mbili tatu Ndunge amekibonyeza kile kitufe cha kurekodi, amewaza aanze vipi, kisha akakiachilia, akafuta ule ukimya, akarudi kwenye kuandika.