Taa Nyekundu ya Stoo Namba Tatu

Kompyuta ilisema kuna hewa ya kuua ndani ya stoo isiyo na mtu. Bosi akaniambia niizime.

Naitwa Mudy, fundi wa mitandao hapa Makambako. Haya yamenikuta Juni hii, kwenye kiwanda kimoja cha kufungasha parachichi pale Lyamkena. Jina lake niachieni mwenyewe.

Juni ya huku waulizeni wenyeji. Ukungu mpaka mchana, baridi inaingia hadi kwenye meno. Mimi mtu wa kuja, sijaizoea mpaka leo.

Meneja ni mzee Ebeneza, Mbena wa kijiji cha Yakobi. Mtu wa kanisani, mkali kama pilipili.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mzee."

"Kesho wanunuzi wanakuja kukagua. Nataka vile vidude vya kupima hewa kwenye stoo vionekane hapa ofisini, kwenye kompyuta."

Vidude vyenyewe vilifungwa tangu mwaka jana. Waliovifunga waliviweka kwenye mtandao wao peke yao, na ofisi ina wake. Yote inapita kwenye swichi ileile, kisanduku kinachokusanya nyaya, lakini haisemeshani, kama mawifi waliogombana ndani ya nyumba moja. Hapo anatakiwa mshenga, na mshenga ni ruta.

"Kwa hiyo mzee, mwaka mzima ofisi ilikuwa haioni kitu?"

"Ilikuwa haijahitajika," akanijibu, akarudi kwenye simu yake.

Haya, si kazi yangu. Nikavuta waya mmoja kutoka kwenye swichi kwenda kwenye ruta, nikauruhusu ubebe mitandao yote miwili. Ndani ya ruta kila mtandao nikaupa mlango wake na anwani yake. Nikajaribu, kimya. Kumbe kuna namba moja nimeikosea. Nikarekebisha, nikajaribu tena.

Vikaitika.

Stoo namba moja, kijani. Namba mbili, kijani. Namba tatu, nyekundu.

Maandishi yakasema hewa ya mkaa imefika kiwango cha hatari.

"Zima hiyo," mzee Ebeneza akasema. "Ile ni stoo ya maboksi, haina mtu. Kidude kibovu. Wanunuzi wakikuta nyekundu tumekwisha."

"Tukachungulie tu, mzee."

"Nimekuita uunganishe au unifundishe kazi?"

Jamani, sitawadanganya. Cha kwanza nilichowaza si watu. Niliwaza labda nimechanganya nyaya, na kesho mji mzima utasema Mudy ni kanjanja.

Nikaenda kwenye swichi, nikachomoa waya wa stoo namba tatu. Nyekundu ikapotea. Nikauchomeka. Ikarudi, na kipimo cha hewa kimepanda.

Kumbe nyaya zangu ziko sawa. Niliogopa kwelikweli.

"Mzee, hiki kidude ni kizima. Kuna mkaa unawaka mle ndani."

"Moto nimeupiga marufuku kiwanda kizima. Nani atathubutu?"

"Ndiyo maana watakuwa wamejifungia."

 Akachukua kofia yake, tukatoka, yeye mbele akinung'unika kwamba namharibia siku.

Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa komeo kwa ndani.

Aligonga. Akaita. Akagonga kwa ngumi, na sauti yake sasa ilikuwa imebadilika. Hakuna aliyeitikia.

Nikaokota mtaimbo uliokuwa pale ukutani, nikauvunja ule mlango.

Joto likatupiga usoni. Katikati kulikuwa na jiko la mkaa, limekolea vizuri, halitoi hata moshi. Wanawake watatu walikuwa wamelala juu ya maboksi, wamejifunika vitenge, ungesema wamejipumzisha tu.

Wawili niliwafahamu, Telesia na Rukaiya, wachambuaji wa matunda. Wa tatu sikumjua.

Mzee Ebeneza alimjua. Alikuwa Jasmine, kitinda mimba wake, aliyekuja likizo ya chuo kusaidia kazi.

Alimbeba mwenyewe mpaka nje. Sijawahi kumsikia mtu mzima akilia vile, na sitaki kusikia tena.

Tukawalaza kwenye ukungu. Rukaiya akakohoa. Telesia akatapika, akaanza kuita wanawe. Jasmine hakutikisika. Tukampakia kwenye gari, tukashika njia ya Njombe, baba yake akimwita jina lake njia nzima.

Alifumbua macho siku ya pili, hospitali. Nilikuwepo, nimeenda kuwajulia hali. Aliangaza chumba, akamwona baba yake.

"Baba, mbona mlichelewa?"

Mzee akainama. "Unasemaje, mwanangu?"

"Kidude kilikuwa kinawaka nyekundu, tulikiona. Wenzangu wakasema usiogope, sisi kila baridi ndivyo tunavyofanya. Si baba yako alituambia kwenye mafunzo, kikiwaka tu, ofisi inaona? Tukasema tuendelee kuota moto, ikizidi mtakuja kututoa."

Mwaka mzima ofisi haikuwa ikiona kitu, na mzee Ebeneza alilijua hilo. Binti akaendelea kumtazama, anasubiri jibu.

Mimi nikatoka nje.

Ndugu yangu unayesoma hapa, ukimwambia mtu kwamba unamwona, hakikisha unamwona kweli, maana atakwenda kulala akikutegemea wewe. Na jiko la mkaa lisilale nanyi ndani, hata baridi iwe kali namna gani.