Solo ya Mageni, Katoro

Ukimkuta Mageni stendi ya Geita na lile boksi jeusi mgongoni utadhani kabeba bunduki ya kuwindia, na bodaboda wamemuuliza hilo mpaka kachoka. Siku hizi anawajibu ni jeneza la mtoto wa mamba. Wanampisha.

Ndani mna vayolini. Mageni ana miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Samuye, na kazi yake, ya mkataba kabisa na likizo juu, ni kuipiga kwenye Okestra ya Kanda. Wako thelathini na wawili. Wiki hii wako shule za msingi, wiki ijayo wodi ya wazazi, na shimo likifukia watu huko Nyang'hwale, wao ndio wanaoitwa msibani, wanapiga taratibu mpaka wachimbaji wenye vifua kama milango wanasingizia vumbi limewaingia machoni. Mtaani wanaitwa mafundi seremala, kwa ule mkono kwenda na kurudi. Wakiulizwa leo wanapasua mbao wapi, wanajibu mninga umeisha.

Mtu mmoja tu hakuwa anatania, mama yake. Hakuwahi kumwona jukwaani, na alichojua ni kwamba binti kaacha chuo cha ualimu akakune nyuzi. Kila simu anauliza kama kapata kazi. Miaka sita hiyo. Basi okestra ilipopanga onyesho kubwa Katoro, uwanja wa wazi, laivu mtandaoni, Mageni akapewa solo, na solo yenyewe ni wimbo wa kupalilia pamba ambao mama anauimba tangu Mageni yuko mgongoni. Akamtumia mama ujumbe wa sauti: njoo usikilize, na ukisema hii si kazi, narudi chuo. Mama akajibu neno moja tu, nakuja.

Aliyempa solo ni Edson, kiongozi wa okestra, wao wanamwita Mwalimu. Ndiye aliyemfundisha kushika uta, ule ufito wa kupigia vayolini, ndiye aliyemtetea wakati wenzake wanataka afukuzwe. Mageni angempa hata namba ya siri ya simu.

Asubuhi ya onyesho Edson akawakusanya. Upepo wa Katoro ni mkali, maiki zitavuma, mdhamini hataki aibu mtandaoni, kwa hiyo itapigwa rekodi waliyofanya Mwanza na wao wataigiza tu. Watu wakanuna. Mageni akauliza, na solo?

Edson akamshika bega. "Solo ni yako, mdogo wangu. Nimekuachia maiki."

Mageni akanyamaza, kiroho safi. Ya wenzake hayakumhusu. Edson akakusanya nyuta zote, eti anaenda kuzipaka mwenyewe ule utomvu mkavu unaofanya nyuzi zilie. Ukarimu wa namna hiyo ulitakiwa umshtue, ila ndo hivyo, ukimwamini mtu hata akili inaenda likizo.

Saa tisa alasiri uwanja umejaa, bodaboda wamesimama juu ya siti za pikipiki, mama kakaa mstari wa mbele na kitenge kipya mapajani. Zamu ikafika. Mageni akasogea, akafumba macho, akavuta uta.

Spika zikaimba. Yeye hakuimba. Uta uliteleza juu ya nyuzi kama mguu kwenye tope, bila hata mkwaruzo, na puani ikamjia harufu ya sabuni ya kufulia. Hapo ndo akaelewa. Mtu kapaka sabuni kwenye nywele za uta ili usitoe sauti, na vayolini iliyojaza Katoro nzima ni ya fundi mwingine kabisa, tena fundi kweli, anavuta sauti ndefu laini pale ambapo mama huikata ili ashushe jembe.

Mkono ukaendelea kwenda na kurudi. Angefanyaje, na kamera hiyo hapo usoni.

Sasa kwao Samuye mtu hakoshwi na ngoma halafu akabaki amekaa. Anainuka, anamfuata aliyemkosha, anamvika kitenge. Mama akapanda jukwaani kwa vigelegele, akakunjua kitenge, akanyoosha mikono amzungushie mwanawe mabegani. Akasita. Akainamisha sikio kwenye vayolini, kama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye homa, akautazama uta ukipita, ukirudi, kimya. Kisha akatembea hatua nne, akakitandaza kitenge juu ya spika, akaipigapiga kwa heshima, akashuka.

Uwanja ulicheka mpaka watu wakashikana. Kabla watu hawajatawanyika, kile kipande cha video kilishafika kwenye magrupu yote ya WhatsApp.

Nyuma ya jukwaa Edson alikuwa anakunja waya. Mageni alipomuuliza habari ya sabuni, hakukataa. Mdhamini alitaka mpigaji wa Dar, wakamrekodi kimya kimya.

"Ningekwambia ungegoma," akasema.

"Ningegoma."

"Ndo maana."

Mageni alimkuta mama kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya machimbo, anasubiri gari la Kahama. Hakusalimia. Akaketi, akatoa vayolini, akaiweka mapajani na kuudonoa ule wimbo kwa vidole. Ukatoka mdogo, mkavu, umekatwa kila mahali unapotakiwa kukatwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu sasa ni wewe."

"Ni mimi, mayu."

"Kazi unayo. Sikubishii tena." Mama akakung'uta vumbi kwenye kanga. "Na wale wenzako, nao walikuwa wanaigiza?"

"Ndiyo."

"Ulijua, ng'wanone?"

"Ya wenzangu nilijua. Yangu sikujua."

Mama akajifunga kanga upya. "Kwa hiyo yako ingelia, mimi ningerudi Samuye nasifia na maigizo ya wenzako."

Mageni akairudisha vayolini kwenye boksi. Gari lilipokuja akapanda, akakaa dirisha la upande wa pili, asikoonekana kutoka kibarazani.