Wanaokula Chungu Kimoja

Harufu ya dagaa walioanikwa kwenye mchanga wa Bangwe, ufukwe wetu wa Kigoma, ilikuwa ikiingia hadi kwenye madaftari yangu, na sikuwahi kuionea haya mpaka nilipofika darasa la sita. Siku hiyo mwalimu alichora ubaoni jedwali la miji na wastani wa kipato cha watu wake. Dar es Salaam ilikuwa juu, ikafuata Arusha, kisha Mwanza. Kigoma ilikuwa chini kabisa, na kwa sababu ubao ulikuwa umejaa, aliibana pembeni kwa herufi ndogo. Iliniuma sana.

Mwaka huohuo Warundi walikuwa wakivuka ziwa kukimbia vita. Mama yangu, muuza dagaa, alimkuta mmoja wao, Mama Espe, ufukweni na watoto wanne, nguo zao zinachuruzika maji, akawaleta nyumbani. Tulikuwa watano, tukawa kumi. Mkeka wangu tukaulalia watatu, na kipande changu cha samaki wa mgebuka kikawa nusu. Nilinuna wiki nzima.

Kisha akaja karani, kijana mpole, kuuliza kipato cha kila kaya. Alitusomea kwenye karatasi yake kwamba kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Mama akataja majina kumi. Karani akapiga hesabu, akakuna kichwa.

"Mama, hawa wageni tuwaache. Wakitoka, wastani wako unapanda mara mbili. Utawakaribia watu wa Dar."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Mama Espe alikuwa amesikia, na tayari alikuwa anambeba mwanawe mdogo mgongoni. "Dada, sisi tutakaa nje mpaka amalize."

"Kaa chini!" Mama alimwambia, kisha akamgeukia karani. "Mwanangu, umesema chungu kimoja. Chungu kile pale jikoni. Hao wa Dar wamelaza wageni wangapi? Andika kumi."

Akaandika kumi. Mimi nikatazama miguu yangu kwa aibu.

Sasa naishi Dar na mume wangu, vyumba vitatu, sufuria ndogo. Juzi gazeti liliipanga tena miji kwa kipato, na mwenzangu kazini akanitania kwamba kwetu bado tuko mkiani. Nikamwambia ndiyo, tuko mkiani, na sitaki pole ya mtu. Kwetu walioushusha wastani walikuwa watano, nawajua kwa majina, na wote wako hai.