Kuipiga Picha Hela ya Baba

Baba alipohamia kwangu Igogo, hapa Mwanza, baada ya macho kuanza kumsumbua, alikuja na begi moja la nguo na kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu. Begi alimwachia mume wangu. Kopo alilibeba mwenyewe mpaka chumbani, akaliweka mahali ambapo mkono wake ungelifikia akiwa amelala.

Alizikusanya enzi za ufundi wake wa reli, miaka aliyokuwa akienda na kurudi kati ya Mwanza na Tabora. Kulikuwa na senti kumi za wakati wa Mwingereza, zenye tundu katikati, thumni zetu zenye picha ya sungura, na senti ishirini za mbuni. Na kulikuwa na sarafu moja ya rangi ya njano iliyofifia, ambayo aliifunga peke yake kwenye kitambaa. "Hii ndiyo hela yenyewe," alikuwa akisema. "Ya Mjerumani. Hela zenu zote zimerithi jina lake." Alipewa na fundi mwenzake huko Tabora. Wakati wa vita kuu ya kwanza, Wajerumani walipokosa fedha kutoka kwao, walizitengeneza hukohuko Tabora, kwenye karakana ya reli, wakazigonga herufi T.

Tatizo lilikuwa hiyo T. Haikuonekana. Rafiki mkubwa wa baba, mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, naye alipenda sarafu za kale, na hakuikubali ile hela hata siku moja. Walibishana juu yake miaka nenda rudi, mbele ya duka, wakinywa chai. Mzee yule alipohamia Dar es Salaam kwa wanawe, ubishi ukahamia kwenye simu, kila Jumapili baada ya baba kutoka kanisani.

"Hicho ni kifuniko cha dawa," nilimsikia mzee yule akisema kwenye simu siku moja.

"Kifuniko gani chenye taji?" baba akajibu.

Siku hiyo mzee akaomba kuongea na mimi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipigie picha ya hicho kifuniko, picha safi, ya karibu. Nikiiona T nitanyamaza."

Nilidhani ni kazi ya dakika mbili. Niliweka hela mezani, nikainamisha simu, nikabofya. Picha ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu. Ya pili nilitumia mwanga wa simu yenyewe, sarafu ikang'aa kama taa ya gari. Ya tatu ilikuwa nzuri kidogo, ila katikati yake kulikuwa na kivuli cha kichwa changu, na kilemba juu.

Nikaamua kwamba kosa ni la uchafu. Nikakata limau, nikachota majivu, nikaketi jikoni tayari kusugua. Baba alikuwa sebuleni.

"Unapika samaki?" akauliza.

"Hapana baba, nataka kuisafisha hela."

Sijawahi kumwona akitembea upesi namna ile tangu macho yafifie. Aliingia jikoni akipapasa ukuta, akanyoosha kiganja, nikamwekea hela yake humo. "Huo weusi una miaka zaidi ya mia," akasema. "Ukiusugua, utaondoka na kila kitu kilichobaki." Hakunigombeza. Lakini kwa siku mbili ile hela ililala chini ya mto wake, nami nilijisikia vibaya kweli.

Aliponirudishia, niliamua kwenda polepole. Nyuma ya nyumba yetu kuna jabali kubwa, na nilikuwa nimeona kwamba asubuhi jua likilipiga, mwanga unarudi uani ukiwa mpole, hauumizi macho. Niliweka stuli pale kivulini, nikatandika kitambaa cheusi, kisha nikapanga madaftari ya wanafunzi wangu mafungu mawili, kila upande moja. Simu niliilaza juu yake, jicho la kamera likichungulia katikati. Niliiinua kama shubiri moja juu ya sarafu, kwa sababu nilishagundua kuwa ikikaribia mno haioni kitu. Nikaitegesha ijipige yenyewe baada ya sekunde chache, ili kidole changu kisiitikise.

Picha ilitoka safi. Taji lilionekana, hata mikwaruzo yake. T haikuwepo.

Nilimwonyesha mume wangu, nikamwambia huenda mzee wa Dar yuko sahihi. Akaitazama, akatazama jabali. "Mbona nyufa za lile jiwe huzioni mchana," akasema, "ila jua likiinama zinaonekana zote?"

Basi jioni yake nikahamia dirishani, jua likiingia kwa ubavu. Nilipiga picha ya kwanza, nikakuta mdudu wa ziwani, wale wasiouma wanaokuja kama moshi, ametua juu ya taji. Nikampuliza. Nikapiga nyingine, na nyingine, nikiizungusha hela kidogo kila mara. Kwenye ya saba, chini ya tarakimu za mwaka, kivuli chembamba kilikuwa kimesimama wima, na kingine kimelala juu yake.

Niliikuza picha mara tatu kabla ya kumwita mtu.

Mume wangu aliunganisha simu na runinga, taji likajaa kioo kizima. Baba alisimama, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Akaweka kidole juu ya ile T, akashuka nayo mpaka mwisho.

"Nilikuwa naisikia kwa kucha," akasema. "Nilidhani najidanganya."

Tulimtumia mzee picha. Simu ikalia kabla chai haijamiminwa. Baba aliipokea.

"Nimeiona," mzee akasema. "Ni ya Tabora."

Nilitegemea baba atamcheka. Alimuuliza tu habari ya magoti yake, wakaongea hadi chai ikapoa.

Mzee kunyamaza hakunyamaza. Wiki iliyofuata alituma picha ya sarafu yake, rupia ya fedha anayojivunia kuliko zote. Theluthi nzima ya picha ilikuwa kidole gumba chake. Nilimweleza baba ninachokiona.

"Mwambie aondoe dole," baba akasema, "na aisogeze dirishani. Kisha tutazungumza."

Nilimpigia mzee nikampa maelekezo, naye akamwita mkwewe alete kalamu na karatasi.