Gari Jeupe Chini ya Turubai la Mawese

Wiki iliyopita mwanangu wa kwanza alinitumia kifurushi kwa basi. Ndani kulikuwa na kava la gari, jepesi, rangi ya fedha, lina mpira pembeni. Kigari chetu kinalala nje hapa Ujiji, na jua la huku unalijua, likiamua kukaa linakaa. Nikalifungua, nikalivuta kutoka mbele kwenda nyuma, likaingia lenyewe. Dakika mbili, peke yangu. Nikasimama pale uani nikaanza kucheka, nikacheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Ningemweleza nini? Kwamba sisi kazi hiyo tulikuwa tunaifanya watu saba, kila jioni, kwa kelele zilizosikika mpaka ziwani?

Basi nikaingia ndani nikachukua daftari. Huwa naandika andika humu, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na mwalimu alikuwa akisema sentensi zangu hazijui pa kupumzikia. Nikikosea mahali nivumilie, rafiki yangu. Nitakwambia niliyoyaona, na ambayo sikuyaona nitasema sikuyaona.

Gari lilikuwa la baba. Dogo, jeupe, la milango minne. Baba alisema limepita mkono mmoja tu kabla yake, mjomba akasema mitatu. Siwezi kuamua baina yao. Ninachojua ni kwamba siku lilipoingia uani kwetu mtaa mzima ulikuja, na wanawake waliokuwa wanaanika dagaa ufukweni waliacha dagaa. Bibi, mama yake baba, alilizunguka mara moja, akaligonga boneti kwa vidole, akalisalimu kwa Kiha kama vile lina masikio: "Mwakeye." Tangu hapo akaliita mgeni.

Hatukuwa na banda. Baba kila mwezi alisema atajenga, na kusema haki mara moja alinunua nguzo mbili, zikaishia kufungiwa kamba ya kuanikia nguo. Gari lililala uani, chini ya michikichi. Mchana jua, likipita gari lingine barabarani vumbi jekundu, na kwenye makuti juu walikuwepo kwera, wale ndege wa njano wanaofuma viota, ambao walikuwa wanaamka mapema sana na kujisaidia papo hapo juu ya paa la gari la baba.

Ndipo Bibi akashona turubai. Alilishona kwa sindano ya magunia, kutoka vipande vya turubai kuukuu la lori, tanga la mashua lililochoka, na chini kabisa akaongeza vitambaa vya khanga ili lisikwaruze rangi. Uzito wake, niamini, ulikuwa wa mtu mzima. Watoto sita na Bibi, kila mmoja na pembe yake au ubavu wake. Bibi alihesabu moja, mbili, na kwenye tatu tulikimbia wote kulipitisha juu, na mara nyingi mmoja wetu alibaki chini yake anapiga kelele gizani, kwenye harufu ya mpira na petroli. Tuligombania kubaki chini. Ndiyo ilikuwa furaha ya siku. Baadaye tunakula ugali wa muhogo na samaki wetu wa ziwani, migebuka, mikono bado ina vumbi la turubai, na Bibi anauliza, "Mgeni kavikwa?" Tunaitikia kavikwa.

Sasa nikwambie kwa nini gari lile lilikuwa na maana zaidi ya gari. Shangazi, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu kuliko watu walivyopenda. Mtaani yalisemwa maneno. Baba alimwahidi mbele yetu kwamba siku yake ikifika atatoka kwenye nyumba ile ndani ya gari jeupe, kwa mchana, barabara nzima ya Ujiji mpaka Mwanga, mjini Kigoma, wote waliosema waone. Na siku ikafika. Mchumba wa Mwanga, Ijumaa baada ya swala. Shangazi hakuwa mtu wa kuomba vitu. Lakini nilimwona mara mbili anapita karibu na gari likiwa limefunikwa, anaweka kiganja pale mlango wa nyuma ulipo, anapita.

Wiki mbili kabla ya harusi mvua za mwisho zikapenya kwenye mishono ya turubai. Jirani yetu alikuwa fundi mitumbwi, mzee wa familia iliyovuka kutoka Kongo zamani. Bibi alimwonyesha. Yeye mbao zake huziba kwa pamba iliyolowekwa mawese, maji hayaingii. Akamwambia Bibi mawese yapashwe moto, yapakwe kwa ufagio, turubai litakuwa kama mgongo wa bata.

Ee, siku ile! Bibi alichemsha mawese kwenye sufuria la pilau, uani kote kukanukia kama tunapika kwa kijiji. Turubai likatandazwa, tukapewa vifagio. Yalikuwa mekundu, ya moto, ya kuteleza, na hakuna aliyetukataza kujipaka. Bibi alisema upande wa juu tu. Kisha akaingia ndani kuswali.

Hapa lazima niandike jambo langu. Mimi nilikuwa na miaka tisa au kumi, na nilikuwa nimemwona fundi akipaka mitumbwi yake, anapaka nje na ndani. Nikaona Bibi amesahau. Wenzangu walikuwa wamekwenda kunawa ziwani. Nikakunja upande mmoja, nikapaka ndani, nikageuza upande wa pili, nikapaka na huko, mpaka khanga zikashiba. Nilijiona nimelikomboa gari.

Siku nne lilikauka, au tuliamini limekauka, tukalivika tena gari. Mvua ya mwisho ilipopiga tulitoka kutazama, maji yanaviringika juu yake kama shanga na kumwagika chini, tukacheza pale pale kwenye matope, na fundi akapigiwa vigelegele.

Jumapili baba akaenda Kasulu kwa basi kualika ndugu. Aliagiza mtu asiguse turubai mpaka arudi, gari libaki safi. Tukatii. Mvua ikakata, likaja jua. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, jua la kukaangia. Jumatano alasiri baba akarudi na wageni, akawaita waje waone, akashika pembe mwenyewe.

Turubai halikutoka. Lilikuwa limeshika. Akavuta, likaachia kwa sauti ya kuchana, na chini yake hapakuwa na gari jeupe. Palikuwa na gari la rangi ya papai lililoiva, lenye michirizi, nyuzi za khanga zimenata kwenye vioo, na mawese yanadondoka taratibu kutoka kwenye madigadi.

Kisha mama mmoja wa dagaa, nyuma kabisa, akasema kwa upole, "Hilo limeshaungwa, bado wali."

Watu walicheka, siwalaumu, ilichekesha. Baba hakucheka. Alimwita fundi, na maneno aliyomwambia mzee yule mbele ya wageni sitayaandika, kwa sababu baba siku nyingine zote alikuwa mtu wa adabu. Fundi alisimama na patasi yake mkononi. Alisema tu, "Mimi nilisema inje, ndugu yangu. Inje." Bibi naye akaapa alipaka nje. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao.

Nikakimbilia chumbani kwa Shangazi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, hina inakauka mikononi na miguuni, hawezi kushika chochote, lakini alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kwa sababu ya hina hakuweza hata kuyafuta. Nikayafuta kwa gauni langu, ndipo nikamwambia. Nilisema nilipaka ndani.

Akauliza, "Pande zote?"

"Zote."

"Basi kaoshe kushinda wote," akasema. "Na ukamwambie fundi, maana yeye ndiye anayetukanwa."

Nje Bibi alikuwa ameshashika mambo. Alikuwa amemsimamia baba pale pale mbele ya gari.

"Nguo ikimwagikiwa mawese tunafanyaje?"

"Mama, hilo ni gari."

"Nimekuuliza nguo."

Baba akajibu kama mtoto wa shule kwamba inafuliwa kwa sabuni, halafu inaanikwa juani, doa linaondoka. Kila mtu Kigoma anajua hivyo. Khanga iliyoingia njano ya mawese ukiianika asubuhi, jioni ni nyeupe. Bibi akasema kesho gari halifunikwi, lianikwe.

Unielewe hapo. Baba ni mtu aliyetumia mwaka mzima kulificha gari lake lisipigwe na jua. Aliweka mikono kichwani.

Lakini tuliosha! Ndoo zilitoka ziwani kwa mstari, wageni wa Kasulu wamekunja suruali, akina mama wa dagaa wameleta sabuni za mche, mapovu ya rangi ya chungwa yanatiririka mpaka barabarani na bata wanayakimbia. Mama aliyetania ndiye aliyesugua paa lote. Fundi alikuja na yeye, bila kuitwa, akachuchumaa kwenye tairi. Nikachuchumaa kando yake nikamwambia. Aliendelea kusugua. Mwishowe akasema, "Inje na ndani, kama mtumbwi. Umenitazama vizuri." Na akanipa kitambaa chake. Hakumwambia baba, siku ile wala nyingine.

Alhamisi asubuhi gari lilikuwa safi, halina mafuta, lakini njano kama kifaranga. Tukalisukuma likatoka chini ya michikichi mpaka katikati ya uwanja. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza ndege na kuligeuza jua likisogea, yaani kulisukuma lielekee upande mwingine, kila upande upate. Kila baada ya muda mmoja wetu anakimbia kwa Shangazi kupeleka habari. Limekuwa kama ndizi. Limekuwa kama maziwa ya ng'ombe. Ubavu wa kulia umemaliza! Shangazi alikuwa anauliza, "Kweli, au mnanifurahisha?" Tunaapa. Sijawahi kutazama kitu namna ile, rangi inaondoka na huwezi kuona inavyoondoka.

Mchana tulipoitwa kula, baba alibaki peke yake na gari. Alivumilia kadiri alivyoweza, nadhani. Kisha akavua koti lake akalilaza juu ya boneti, dakika kumi tu lipoe. Wageni wengine wakafika, akaitwa, akasahau. Sisi tulidhani ni amri mpya, hatukuligusa. Alasiri Bibi alipoliinua koti, gari lote lilikuwa jeupe, ila juu ya boneti palikuwa na koti la njano, lenye kola, na mkono mmoja umenyooka kuelekea kwenye taa.

"Mwanangu," Bibi akasema, "umemvika tena."

Jua la Ijumaa asubuhi lililipunguza, halikulimaliza. Shangazi alipotoka, amefunikwa, ananukia udi, baba alikuwa amesimama mbele ya boneti kujaribu kulificha koti lile kwa mwili wake. Shangazi alimsogeza. Akaliangalia koti. Chini ya ushungi ule nilisikia kicheko, cha puani, kisha kikamshinda.

"Kaka, twende," akasema. "Na uendeshe polepole."

Tulikwenda polepole sana. Nilibanwa kiti cha nyuma baina yake na Bibi, kwa hiyo nje sikuona mengi, ila nilisikia vigelegele vinatupokezana kutoka nyumba hadi nyumba, na kiganja cha Shangazi kilikuwa juu ya goti langu, chekundu kwa hina, kimetulia. Waliosema walikuwepo barabarani? Shangazi hakugeuka kuangalia.

Mpaka leo sijui kama kosa lilikuwa langu. Kwa jua lile labda hata mawese ya nje yangepenya. Baba alikufa akiamini fundi alimshauri vibaya, ingawa alimwomba radhi kwa maneno yale, na mbao za mtumbwi wa mwisho wa mzee yule alizibeba baba mwenyewe kwa gari hilo hilo. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia ukweli. Kila mara niliona kesho inatosha.

Gari lilikwenda kwa mtu wa Kidahwe, sijui lilikoishia. Uani pale sasa kuna nyumba ya vyumba vinne, na michikichi ilikatwa. Shangazi yupo Mwanga, ana wajukuu. Koti lile la njano tulilipenda sana baada ya harusi. Watoto wa mtaani walikuja kuonyeshwa, na baba, aliyelionea aibu, akaanza kuwaonyesha mwenyewe. Hatukulisugua. Lakini gari lilikuwa linatembea juani kila siku, na jua halikuulizwa. Asubuhi moja tukalitafuta koti juu ya boneti, baba akainama akatazama kwa ubavu, akapangusa kwa kiganja kama mtu anayetafuta vumbi. Palikuwa peupe. Hakuna kati yetu aliyekumbuka siku ya mwisho alipoliona.