Mbegu Tulizopeleka Buluo

Mwaka ule tulikuwa tunakula kwa mkono wa mama mkubwa. Baba alikuwa bado anakwenda kiwandani Shituru kila asubuhi, kofia ya chuma kichwani, lakini mshahara haukuwa umeonekana kwa miezi mingi, na mgao wa unga ambao wafanyakazi walizoea kupewa ulikuwa umekatika. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, maana yake nilikuwa na chaki mkononi na njaa tumboni. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa mjane aliyelima huko Buluo, upande wa gereza. Kila Jumamosi alikuja kwa miguu na mfuko wa mahindi kichwani, tukasaga, tukapika bukari, ugali wetu, tukamshukuru Mungu na yeye pia.

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Nikiona wingu naanua nguo, nikisikia mtu anakohoa nahesabu siku zake. Nyumbani walikuwa wananicheka kwa hilo, na mimi mwenyewe nilijicheka. Lakini alasiri ile ya Desemba hakuna aliyecheka. Upepo ulikuja kwanza, ukang'oa mabati ya nyumba tatu za mtaa wetu na kuyarusha hadi kwenye reli, kisha mvua ya mawe ikafuata. Mawe yale yalipiga bati letu kwa muda mrefu hata mama akaacha kusali kwa sauti, kwa sababu hakuna aliyemsikia. Nilikuwa nimekaa chini ya meza na wadogo zangu, nikiwaza mahindi ya Buluo, yaliyokuwa yamefika magotini.

Kesho yake mama mkubwa alikuja bila mfuko. Alikaa kwenye kiti, akaomba maji, akasema mashamba yote ya upande wao yamelala. Mawe yamechana majani yote na upepo umevunja mashina. Wakulima wenzake walikuwa wameshapanda mbegu zote walizokuwa nazo, na hakuna aliyebaki na akiba. Mwisho wa kupanda tena, alisema, ni Mwaka Mpya. Ukipanda baada ya hapo, mvua inakatika kabla mahindi hayajatia punje. Kwa hiyo walikuwa na majuma matatu hivi ya kupata mbegu, la sivyo mwaka mzima ungepita bila chakula, kwao na kwetu pia.

Jumuiya yetu ya parokia ilikutana siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa karani wake, niliyeandika majina na mambo yote kwenye daftari. Katekista wetu, fundi umeme wa zamani mwenye sauti ya kuamuru, alisema kila nyumba itatoa mahindi ya mbegu, machache au mengi, na tutayapeleka altareni Jumapili kama matoleo. Nilitazama nyuso za kina mama na nikajua wanafikiria nini, kwa sababu mahindi waliyokuwa nayo yalikuwa chakula cha juma lile. Hata hivyo walitoa. Jumapili walicheza hadi mbele na mabeseni kichwani, na wengine niliwafahamu vizuri kiasi cha kujua kwamba watarudi nyumbani kunywa chai tupu. Niliwaonea fahari sana, na mpaka leo nawaonea fahari.

Desturi ya parokia yetu ilikuwa kubariki mbegu, na padri wetu hakuwa mtu wa kubariki kidogo. Alichovya tawi la majani kwenye ndoo ya maji ya baraka, akanyunyiza, akachovya tena, wimbo ukawa mrefu naye akaendelea mpaka ndoo ikaisha. Watu walipiga vigelegele. Tulipotoka na magunia, mvua ikatukamata njiani. Magunia yalikuwa matatu, na yaliletwa kwetu kwa sababu bati letu lilikuwa zima.

Jumatano nilipotia mkono ndani ya gunia la kwanza, nilihisi joto. La pili vilevile. Mahindi yalikuwa yameloa na yameanza kunuka uchachu. Safari ya Buluo ilikuwa Jumamosi, na nje mvua haikukatika hata saa moja. Niliona kabisa jinsi nitakavyosimama mbele ya jumuiya na kusema mbegu zimeoza mikononi mwangu.

Basi nikafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu angefanya. Sisi tulikuwa watoto wa kiwanda. Kiwandani kila kitu hukaushwa kwa moto, na nyumbani tulikausha sare za shule, viatu, hata daftari, juu ya mbabula, yaani jiko letu la makaa. Nilichukua bati ambalo baba alikuwa amelihifadhi kwa ajili ya choo, nikaliweka juu ya mbabula mbili, nikamwaga mahindi, nikawa nayageuza kwa mwiko. Nilifanya hivyo Jumatano yote na Alhamisi yote, gunia baada ya gunia. Baba alirudi kutoka kazini, akatia mkono, akasema yamekauka vizuri. Mama alisema yananukia. Mimi niliyekuwa na wasiwasi wa kila kitu sikuwa na wasiwasi wowote na jambo lile, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumamosi tuliyasukuma magunia kwa baiskeli, zaidi ya saa mbili kwenye tope. Wakulima walitupokea kwa nyimbo. Katekista alitoa hotuba, kisha akamwita mama mkubwa afungue gunia la kwanza kwa niaba ya wenzake. Alichota mahindi, akayatazama, akatia punje moja katikati ya meno na kuiuma. Akaitema kiganjani, akaitazama tena. Kisha akapiga magoti na kushukuru, na wenzake wote wakapiga magoti nyuma yake. Nilidhani amezidiwa na furaha, na machozi yakanitoka.

Jumapili jioni jirani yetu alipita kuomba chumvi. Alikuwa mama wa asili ya Kasai, mmoja wa wachache waliobaki mtaani petu baada ya wenzake wengi kufukuzwa na kuondoka kwa treni, na alikuwa na ulimi mkali kwa sababu, nadhani, ya yote aliyoyaona. Nilimsimulia kwa majivuno jinsi nilivyookoa mbegu. Aliniuliza nilikausha kwa kitu gani. Nilipomjibu, aliweka chumvi mezani. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba bibi yake alikuwa anafunga punje kumi kwenye kitambaa kibichi kabla ya kupanda, na anazingoja siku tano aone kama zitaota. Akaniuliza kama nilibakiza hata chache.

Zilikuwa zimebaki punje pembeni mwa bati. Nilihesabu kumi, nikazifunga kwenye kitambaa, nikakiweka ndani ya bakuli chini ya kitanda changu. Siku tano zile sikujua nafundisha nini darasani. Niliandika ubaoni hesabu ambazo mimi mwenyewe nilishindwa kuzimaliza. Siku ya pili nilikwenda kwa katekista nikamweleza hofu yangu, na akanikatiza kabla sijafika mwisho. Alisema mbegu zile zilibarikiwa mbele ya watu wote, na kuzipima sasa ni kumjaribu Mungu. Aliniomba nisitie watu shaka, kwa sababu watu wenye njaa wakipata shaka hawatoi tena. Nilitaka kumwamini, tena nilitaka sana.

Sikupeleka neno Buluo. Nilijiambia nitasubiri kwanza nione, nisiwatishe watu bure. Kila siku niliinama chini ya kitanda mara tatu, nne, nikafungua kitambaa, nikakilowesha, nikakifunga. Siku ya tano punje tisa zilikuwa na ukungu mweupe, laini, zinanuka. Moja ilikuwa imetoa mzizi mfupi kama mkato wa ukucha. Niliichukua ile moja nikaitazama dirishani kwa muda mrefu, nikijaribu kujidanganya kwamba pengine nilichagua vibaya.

Ilikuwa Ijumaa, Krismasi ikiwa keshokutwa. Nilikwenda Buluo peke yangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nayapangua. Nilikusudia kuwakusanya wakulima wote na kusema wazi kwamba ni mimi, si jumuiya. Nilikuwa na hakika kwamba watakuwa wamekwisha kuzipanda, wanangoja mistari ya kijani itokee, na mimi ndiye nitakayewaambia hakuna kitakachotokea.

Nilimkuta mama mkubwa shambani mwake. Alikuwa anachimbia vipande vya miche ya viazi vitamu. Hapakuwa na shimo hata moja la mahindi. Aliponiona alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona usoni mwake: aliniogopa. Nilianza kusema, bati, mbabula, kitambaa, kila kitu kwa mkupuo, na yeye akanishika mkono.

"Minye nilijua siku ile ile," alisema. "Nilitia moya mu meno, nikasikia ya kukaanga. Mbegu ya kupita ku moto haiwezi kuota tena. Basi tuligawanya, tukakula. Batoto balikuwa na njala, mutoto yangu. Tulikula yote."

Nilimwuliza kwa nini hakutuma neno. Tungetafuta mbegu nyingine, siku zilikuwepo. Alitazama miche yake.

"Ningesema nini? Mbegu ya altare, sisi tumekula. Na weye, mwalimu, banakuheshimu. Nilikuogopea."

Niliketi chini kwenye tope na kulia kwa hasira. Nilijikasirikia, nikamkasirikia na yeye, bila haki. Siku tano mimi nilikuwa nimeficha bakuli chini ya kitanda, na yeye siku sita alikuwa ameficha sufuria, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Katika siku zile sita mtu angeweza kufika Kambove, mji wa jirani, na kurudi, akauliza mlango hadi mlango.

Jirani yetu ndiye aliyetuokoa kidogo. Alikuwa na mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, yamening'inia juu ya jiko lake, mbali na moto, akiba yake ya siku ambayo yeye pia angelazimika kuondoka. Aliyashusha yote siku ya Krismasi, akaniambia nisimtaje kwa mtu yeyote. Yalitosha kona ndogo ya kila shamba. Yalipandwa tarehe za mwisho za Desemba, yakaota, yakakua vizuri, na tukaanza kupumua. Mwanzoni mwa Machi mvua ilikatika mapema. Mengi yalitoa magunzi mafupi yenye punje hapa na pale, na mama mkubwa hakuleta mfuko Jumamosi hata moja mwaka huo mpya. Alikuja mara moja, mwezi wa Aprili, na viazi vichache, naye alikuwa amekonda kiasi kwamba mama alimvua kitambaa cha kichwa na kumfunga tena ili tu apate sababu ya kumgusa.

Mwezi wa Mei kulikuwa na Misa ya shukrani ya mavuno. Wakulima wa Buluo walialikwa. Baada ya mahubiri katekista alisimama, akaeleza jinsi jumuiya ilivyojinyima, jinsi padri alivyobariki, na akamwomba mama mkubwa awaambie watu wenyewe kama mbegu zao ziliota. Watu waligeuka kumtazama. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, benchi moja, na daftari langu la karani magotini. Nilijua huo ndio wakati wa mimi kusimama na kukiri. Miguu ilikuwa tayari, nakumbuka hata nilikuwa nimeliweka daftari pembeni.

Mama mkubwa alisimama kabla yangu. Alikuwa mwanamke ambaye hakukosa Misa kwa homa wala kwa mvua, na ambaye alitupiga sisi watoto kwa uongo mdogo kuliko alioutoa pale.

"Mbegu yenu iliota yote," alisema. "Mvula njo ilikatala."

Lawama yote ikaiangukia mvua, na kanisa likapiga makofi. Kina mama waliokunywa chai tupu kwa ajili ya mahindi yale walifuta macho. Alikaa, akaupapasa mkono wangu mara moja, akautoa.

Wakati wa komunyo benchi letu liliinuka. Yeye hakuinuka. Aliinamisha kichwa na kukunja miguu pembeni ili tupite, na niliona watu wa benchi la nyuma wakimtazama, wakijiuliza mjane yule mwema ana dhambi gani siku kama ile. Nami nilipita mbele ya magoti yake, nikajipanga pamoja na wengine, na zamu yangu ilipofika nikafungua kinywa nikapokea.