Mimi ndiye mkalimani wa pasta, na aliyesemwa ni binti yangu

Ujumbe huu umetufikia kutoka kwa mama mmoja wa Marekani. Majina tumeyabadilisha. Matusi wekeni kando.

Admin, nifiche kabisa, maana Wakenya wa huku tunajuana mpaka viatu. Nina miaka arobaini na tisa, naishi Maryland, upande wa Landover. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao, kuogesha, kulisha na kugeuza mtu kitandani. Nina mume na mtoto mmoja tu, msichana wa miaka ishirini na mbili. Nitamwita Stella.

Kanisani mimi ni mkalimani. Tunakodi ukumbi kule Bladensburg, pasta anahubiri kwa Kiswahili na mimi nasimama kando yake na maiki yangu, naweka kwa Kiingereza, kwa sababu watoto wetu wa huku Kiswahili wanakisikia nusu nusu. Akisema "mimi", nasema "mimi". Akiinua mkono, nainua. Watu husema hawajui ni nani kati yetu anayehubiri, na niseme ukweli, nilikuwa najivunia sana.

Mwaka juzi Stella alituambia anapenda wasichana. Nilikuwa nakanda unga wa chapati. Akasema pia hajamwacha Yesu na hana mpango wa kumwacha. Baba yake alitoka akaenda kukaa ndani ya gari. Mimi nikamuuliza kama amekula. Sijui kwa nini, ndilo neno lililokuja. Akacheka huku analia, tukapika chapati pamoja. Tangu siku hiyo baba yake huongea naye kupitia kwangu. "Mwambie huyo msichana wako asogeze gari lake." Stella yuko pale pale, anasikia, na bado mimi namwambia.

Mwaka huu baraza la kaunti likaleta pendekezo la kufungua nyumba ya vijana waliofukuzwa na wazazi wao kwa sababu hiyo ya kupenda wenzao wa jinsia moja. Stella akajitosa kulitetea. Mtoto huyu huombea hata chipsi kabla ya kula, basi na huko kwenye siasa akaenda na Biblia yake, akawa anawaambia wanasiasa kwamba Mungu aliyemuumba ndiye aliyemtuma. Wenzake wa siasa wakaona dini yake ni mzigo. Huku kanisani nako nilijua wakimjua atakwisha, kwa hiyo tulinyamaza.

Pasta naye akaamua kwenda barazani kupinga. Akaniambia, "Mama Stella, twende wote. Kiingereza changu mbele ya wakubwa kitaniangusha." Ningesema niko kazini. Lakini kwa pasta mtu hakatai bila sababu, na sababu ndiyo niliyokuwa naikimbia. Isitoshe, Stella alikuwa ameniambia wao watazungumza kikao kitakachofuata. Nikaenda.

Pasta akasimama, nami kando yake kama Jumapili. "Mimi ni mzazi," akasema. Nikasema kwa Kiingereza, mimi ni mzazi. "Mtoto wangu akiniletea mambo haya, nitamfungia mlango. Nyumba hiyo msiifungue, kwa sababu mtoto akijua ana pa kukimbilia hatatubu." Nikayasema yote, vizuri, na mkono nimeinua kwa sababu yeye ameinua. Nusu ya watu mle ndani walichosikia ni mimi tu. Nilipoketi ndipo nikamwona Stella nyuma, na kitambaa cha manjano nilichomnunulia Krismasi.

Kumbe ratiba ilibadilishwa. Wakamwita jina. Akaenda mbele, akasema kwa Kiingereza, "Nilikuja kuwaambia kwamba siku niliyomwambia mama yangu, aliniuliza kama nimekula. Nilitaka mjue kuna wazazi kama huyo. Sasa sina la kusema." Akatoka.

Hapo pasta ndipo alipojua. Kule nje alinishika mkono kwa huruma kabisa, akasema, "Usilie. Amesikia ukweli kwa kinywa cha mama yake."

Stella alihama siku hiyo hiyo, yuko Temple Hills kwa rafiki yake. Nilimfuata, akanipikia chai. Nikamweleza kwamba yale yalikuwa maneno ya pasta. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniua. "Mum, kazi yako naijua tangu nikiwa mdogo. Unasema ya pasta, unasema ya baba. Yako nimeyasikia siku moja tu." Simu zangu hapokei tena.

Jumapili iliyofuata pasta akatangaza kwamba nimemtoa mwanangu madhabahuni kama Ibrahimu. Akanigeukia nitafsiri. Nilitaka kusema simkani mtoto wangu, mdomo ukafunguka, sauti ikakataa. Mke wa pasta akachukua maiki yangu taratibu, akasema nimezidiwa na Roho, akaendelea yeye. Watu wakapiga makofi. Nimeumia kuliko siku niliyomzika mama yangu.

Mume wangu ameshaingiza mashine yake ya mazoezi chumbani kwa Stella. Pendekezo wanasema litajadiliwa tena ingawa kura za kulipitisha hazitoshi, na pasta ananihitaji nikamtafsirie. Yeyote anaweza kuzungumza pale, hata mimi, peke yangu. Nikifanya hivyo kanisa limekwisha, ndoa pia sidhani itabaki, na Stella huenda hata asije. Na nikisimama kwenye maiki ile ile, mbele ya watu wale wale, niseme "mimi ni mzazi", nani ataamini kwamba safari hii ni mimi?

Nyinyi wenye watoto, niambieni, mngekuwa mimi mngefanya nini? Mistari ya Biblia msinitumie. Nimeitafsiri yote.